Presha Kwanza, Laptopu Baadaye

Jumatatu, 3 Juni 2024, Arusha

Impreza WRX ya bluu imeingia saa nne asubuhi na harufu ya petroli imetangulia getini. Mwenyewe ni kijana wa Sakina, kaniamkia kwa adabu zake kisha akaanza kunitajia alivyofunga: pampu ya ndani ya tangi ya lita 255 kwa saa, nozeli nne za mililita 550 kwa dakika badala ya zile za 440, regyuleta ya mafuta inayorekebishika kwa skrubu, na filta mpya. Kompyuta ya gari nayo imeandikwa upya Dar es Salaam. Spea nimeziangalia moja moja. Ni nzuri, na amezilipia hela nyingi.

Malalamiko yake ni mawili. Kwenye sailensi gari linatoa moshi mweusi, linanguruma kwa kuyumba, na ukilizima likiwa la moto haliwaki mpaka ukanyage mafuta hadi chini. La pili, mlimani tabo ikishashika, ghafla linakosa nguvu kama limekatwa mafuta. Kila fundi aliyemwendea kamwambia nozeli ni kubwa mno, aziuze anunue ndogo. Mteja amekwisha kumpata. Nimemwambia: "Mwanangu, usiuze kitu hata kimoja mpaka nikwambie."

Maana hapa pana jambo la kujiuliza. Gari lile lile linazidiwa na mafuta likiwa limetulia, halafu linakufa kwa kiu likivuta. Nozeli kubwa zingeweza kueleza la kwanza. La pili haziwezi kulieleza hata kidogo, kwa sababu nozeli kubwa haileti njaa. Anayesema nozeli ndizo zenye shida amesikia nusu ya malalamiko tu.

Ufunguo nimeuchukua, na nimemkataza asiliendeshe hata kwenda nyumbani. Moshi mweusi unatia aibu barabarani na kuchafua plagi, lakini injini itapona. Njaa ya mafuta wakati tabo inasukuma ni kitu kingine. Petroli inaungua sawasawa kwa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya mafuta, kwa uzito. Tabo ikijaa tunataka hewa ishuke hadi 11.5 au 12, kwa sababu petroli ile ya ziada inapoza ndani ya silinda. Hewa ikizidi, moto unapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni za EJ20 hupasuka pale kwenye kingo zinazoshika ringi. Nimezifungua injini za namna hiyo. Mwenye gari huwa hajasikia chochote isipokuwa redio.

Binti wa VETA anayejifunza hapa kaniuliza kwa nini nisichomeke laptopu nione namba. Nimemweleza hivi: ile namba ya nozeli iliyomo kwenye kompyuta ya gari inasema nozeli hii hutoa kiasi fulani kwa presha ya bar 3. Kama presha si 3, namba ni ya uongo, na ukiirekebisha unatafuta uongo mwingine wa kuusitiri wa kwanza. Kwa hiyo tunakwenda presha, hewa, umeme, ndipo namba. Ameandika ubaoni.


Jumanne, 4 Juni

Geji ya presha tumeifunga kati ya filta na reli. Kizimamoto kimesimama karibu, chaja ya betri tumeiondoa eneo hilo, milango yote wazi. Sipendi haraka mahali penye petroli yenye presha.

Kipimo cha kwanza: injini inawaka, mpira wa vakyumu tumeuchomoa kwenye regyuleta na kuuziba. Geji inasoma bar 3.6. Inatakiwa 3. Kumbe kila aliyepita hapo alizungusha ile skrubu.

Cha pili: mpira tumeurudisha. Presha inatakiwa ishuke, kwa sababu vakyumu ya injini inavuta kiwambo cha regyuleta na kufungulia mafuta yarudi tangini. Sindano haikutikisika. Ilibaki pale pale kwenye 3.6.

Hapo nikamwambia binti alegeze skrubu pole pole. Ikashuka hadi 3.4 ikagoma. Skrubu imelegea kabisa na presha haishuki. Mpira wa vakyumu tumeujaribu kwa pampu ya mkono, unavuta vizuri, haujatoboka. Basi regyuleta imefungua mlango wote na mafuta hayapati njia ya kwenda. Tukachomoa bomba la kurudishia mafuta pale regyuleta inapoishia, tukafunga mpira mrefu kuelekea kwenye galoni la chuma. Kuwasha tu, sindano ikaanguka chini ya bar 3.

Bomba la kurudishia, basi. Nilipopitisha tochi nyuma ya regyuleta nikauona: mpira mfupi umekunjwa kwa nguvu ili uingie kati ya kishikio cha regyuleta na ukuta wa shokomzoba. Kwenye mkunjo umepauka, na ukiubana kwa vidole unahisi pande zake mbili zinagusana. Aliyefunga alikata mpira mfupi mno, basi.

Tena alifanya jambo lililozidisha. Gari hili kiwandani lina kifaa kinachopunguza kasi ya pampu injini ikitulia na kuiongeza injini ikihitaji. Fundi yule alikiruka, akaipa pampu umeme wa moja kwa moja. Sasa pampu inakimbia kasi yote muda wote. Kwenye sailensi injini ya lita mbili inatumia petroli kama lita moja kwa saa au zaidi kidogo. Yote mengine yanayotoka kwenye pampu ya lita 255 lazima yarudi tangini, na njia yenyewe ni ule mkunjo.

Nimekata mpira mpya, mrefu, unaozunguka kwa nafasi. Bila vakyumu: 3.0 kamili. Na vakyumu: 2.5. Nimemwonyesha binti kwa nini ni 2.5. Huku kwetu, mita 1,400 juu ya bahari, hewa yenyewe ina uzito mdogo, kwa hiyo vakyumu ya sailensi ni kama nusu bar. Gari hili hili likiwa Dar lingesoma 2.3 hadi 2.4. Nozeli haijali, kwa sababu tofauti kati ya presha ya reli na presha ya manifoldi ni ile ile, bar 3. Anayesoma geji bila kujua yuko mwinuko gani anaweza kuhangaika bure na skrubu.

Hesabu ya hasara: reli 3.6 kuongeza vakyumu 0.5 ni tofauti ya 4.1 badala ya 3. Mafuta yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha presha, yaani mzizi wake, kwa hiyo ni asilimia 17 zaidi ya yanayohesabiwa. Nozeli zilizolaumiwa hazikuwa na hatia katika hilo.


Alhamisi, 6 Juni

Hewa. Gari hili linapima hewa kwa sensa iliyo karibu na boksi la filta, na kila kinachoingia au kutoka baada ya hapo hakihesabiwi. Ufa kwenye manifoldi huingiza hewa ya wizi kwenye sailensi, mchanganyiko unakuwa mkavu. Mpira wa tabo ukiachia huku tabo inasukuma, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoroka, na mchanganyiko unalowa. Gari lenye mipira iliyofunguliwa na kufungwa na mikono mingi ni la kutiliwa shaka.

Tunacho kifuniko tulichotengeneza wenyewe: kipande cha bomba la plastiki kimezibwa upande mmoja na kutobolewa valvu ya tairi. Tunakifunga mahali pa sensa, tunaingiza upepo wa kompresa kidogo, nusu bar inatosha, kisha tunapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Klampu moja chini ya intakula ilipiga mapovu. Tumeikaza. Kwingine kote kimya.

Mafuta ya injini yalikuwa yananuka petroli na yamelegea kwenye kijiti. Petroli iliyozidi imekuwa ikipita kwenye ringi na kushuka sampuni. Tumeyamwaga, tumeweka mapya na filta. Kwa mwenye gari hii ni gharama ambayo hakuitarajia, lakini siwezi kupandisha mlima na beringi zinazoelea kwenye mafuta ya namna ile.

Plagi zilikuwa nyeusi zote, silinda ya nne imelowa kabisa. Nimeweka mpya kabla ya kuangalia mashine yoyote, na nilitaka binti aelewe sababu. Plagi ikishindwa kuwasha, petroli na hewa vinatoka ekzosi vikiwa havijaungua. Sensa ya oksijeni haioni petroli, inaona hewa. Inaiambia kompyuta kwamba mafuta hayatoshi, na kompyuta inaongeza mafuta kwenye injini ambayo tayari imezama. Ufa wa ekzosi kabla ya sensa unadanganya vivyo hivyo. Wapo wanaosoma "mafuta yamepungua" kwenye mashine ya kupimia na kuongeza presha siku hiyo hiyo. Nadhani ndivyo skrubu ile ilivyofika 3.6.

Jioni ndipo laptopu ikafunguliwa. Marekebisho ya kompyuta yalikuwa yamefika kutoa asilimia 24 kwenye sailensi, karibu kabisa na mwisho wa uwezo wake. Tumeyafuta ianze upya, tukazunguka nalo mjini taratibu bila kuamsha tabo, Njiro na kurudi. Sasa hivi: sailensi inatoa asilimia 10, mwendo wa kilomita 80 kwa saa inatoa 3.

Namba hizi mbili zinapendeza kwa jinsi zilivyo tofauti. Kama ukubwa wa nozeli ungekuwa umeandikwa vibaya, kosa lingekuwa asilimia ile ile kila mahali. Hapa ni kubwa pakiwa na mafuta machache na linayeyuka mafuta yakiongezeka. Ni kiasi kimoja kisichobadilika kinachoongezwa kila nozeli inapofunguka.


Jumamosi, 8 Juni

Nozeli tumezipeleka kwa jamaa mwenye mashine ya kuzisafishia na kuzipima. Mwenye gari naye alikuja, na nilitaka aone kwa macho yake. Nozeli nne zinaning'inia juu ya vioo vinne vyenye mistari, mashine inazifungua kwa bar 3, na mafuta yanapanda kwenye vioo. Kwa sekunde 15 nozeli ya 550 inapaswa kutoa mililita 137 na nusu. Zilitoa kati ya 136 na 138, zote nne. Ukungu wake nao ni mzuri, koni iliyo sawa, hakuna inayotoa uzi wala inayodondosha ikifungwa. Kijana alinyamaza, akaniuliza kama kweli angeziuza angepata hasara. Nikamwambia ndiyo, na ugonjwa ungebaki pale pale na nozeli mpya zingelaumiwa kama hizi.

Basi kilichobaki ni muda wa kufunguka. Kompyuta ikipeleka umeme, sindano ya nozeli hainyanyuki papo hapo. Inachukua karibu milisekunde moja kabla mafuta hayajaanza kupita, na muda huo unarefuka umeme ukipungua. Kompyuta inaujumlisha kwenye kila ufunguzi. Kwenye sailensi nozeli hizi zinafunguliwa kwa milisekunde mbili na kidogo tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya muda wote ni ule wa kusubiri. Nozeli za kiwandani zina muda wake, na hizi mpya zina wake. Aliyeandika programu Dar alibadilisha ukubwa, 440 kuwa 550, akaacha jedwali la muda kama lilivyokuwa.

Katika RomRaider, programu ya laptopu ya kuandika kompyuta ya gari, jedwali lile lipo wazi, limepangwa kwa volti. Kwa volti 14 tumelipunguza kwa milisekunde 0.13. Kisha jaribio ninalolipenda kwa sababu halihitaji chombo cha gharama: injini kwenye sailensi, tuliwasha taa kubwa, feni, na waya za kioo cha nyuma kwa pamoja. Umeme ukashuka kutoka 14.1 hadi 12.9. Kama jedwali ni sahihi, mchanganyiko usitikisike. Ulilowa kidogo, tukarekebisha safu ya volti 13 na ya 12, tukarudia mpaka taa zikawa zinawaka na kuzimwa bila injini kujali.

Sailensi imetulia kwenye mizunguko 750. Marekebisho ni kati ya 2 na 3, sailensi na mwendoni. Moshi hakuna. Limezimwa likiwa la moto, likawaka mara moja.

Kijana alitaka kuondoka nalo, na alikuwa na furaha hata nikaona ugumu kumkatalia. Nimemkatalia. Nusu ya malalamiko yake haijaguswa, na ni ile nusu inayovunja injini. Linaendeka vizuri sasa kuliko lilipokuja, maana yake atalikanyaga zaidi.


Jumatatu, 10 Juni

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Mto wa Mbu. Nimechagua ule mlima wa kupanda kwenda Karatu kwa sababu ni mrefu, una lami nzuri, na unaweza kuibebesha injini mzigo kwenye gia ya tatu bila kufikia mwendo wa hatari. Asubuhi ile magari ya watalii hayajaanza kupanda.

Geji ya presha tumeifunga nje, juu ya kioo cha mbele, imebanwa na waipa na utepe mpana. Mpira wa petroli hauingii ndani ya gari ninaloliendesha, hata kwa dakika moja. Binti anasoma geji kwa sauti, laptopu iko mapajani inarekodi, na kipimo cha mchanganyiko kimefungwa kwenye ekzosi.

Tabo ikisukuma bar 0.8, reli inatakiwa isome 3.8, kwa sababu regyuleta inapanda sambamba na tabo. Mizunguko 3,500: 3.8. Mizunguko 4,500: 3.7. Halafu binti akaanza kuhesabu kushuka, tatu na nusu, tatu na tatu, na kwenye 5,300 akasema tatu na moja, sauti imebadilika. Nikaachia mguu. Kwenye rekodi mchanganyiko umepanda kutoka 11.8 hadi 13.4 ndani ya muda huo.

Hesabu inakubaliana yenyewe. Reli 3.1 kutoa tabo 0.8 ni tofauti ya 2.3 badala ya 3. Mzizi wake ni asilimia 12 ya mafuta yaliyopotea, na 11.8 ikikosa asilimia 12 ya mafuta inakuwa 13.4. Hapa hakuna namba ya kuandika kwenye kompyuta. Ukiziambia nozeli zifunguke zaidi, presha itashuka zaidi. Mafuta hayafiki.

Tumerudi Arusha taratibu, tabo imelala. Njiani mbele ya Makuyuni binti kauliza kama pampu ni ya bandia. Nimemwambia kila kitu kinachoizunguka pampu tukikague kwanza.


Jumatano, 12 Juni

Umeme umekuwa mbaya kuliko nilivyodhani, na nina hasira.

Mita kwenye betri, injini inawaka: 13.9. Mita kwenye plagi ya pampu, pampu ikifanya kazi: 11.2. Volti 2.7 zinapotea njiani. Karibu 1.9 zinaliwa na waya chanya, zinazobaki ni ethi iliyofungwa juu ya rangi ya bodi. Nilipofuata waya nikafika kwenye swichi ya ufunguo. Waya mwembamba wa redio, hauna fyuzi, umeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe.

Upungufu wa presha ni jambo dogo hapo. Kompyuta ya gari huzima pampu injini ikisimama, ili gari likipata ajali bomba likakatika mafuta yasiendelee kumwagwa juu ya ekzosi ya moto. Waya ule umeifuta kinga hiyo. Gari lingepinduka, injini ingezimika, na pampu ya lita 255 ingeendelea kusukuma petroli alimradi ufunguo upo. Na waya wenyewe, bila fyuzi, unapita chini ya zulia la abiria. Kijana huwabeba wadogo zake shuleni na gari hili. Nimempigia simu nikamweleza yote kama nilivyoyaandika hapa.

Tumeuchomoa wote. Waya mpya mnene unatoka betri kupitia fyuzi, unaingia kwenye rilei, na rilei inaamshwa na umeme ule ule ambao kompyuta inaukata injini ikizimika. Ethi tumeikwangua hadi chuma. Kwenye pampu sasa ni 13.5. Tumewasha injini, tukaizima kwa kuchomoa sensa ya mzunguko, na pampu ikanyamaza ndani ya sekunde mbili huku ufunguo ukiwa umefunguliwa. Hilo nimelifanya mara kadhaa mpaka nikaridhika.

Kabla ya kurudi mlimani nimetaka kujua pampu inafikisha kiasi gani. Injini imezimwa, pampu tumeiwasha kwa waya wa nje, bomba la kurudishia liko kwenye galoni lenye vipimo. Kwenye mdomo wa vakyumu wa regyuleta tumeingiza upepo wa bar 0.8, kwa hiyo inadhani tabo inasukuma, na reli inatakiwa ishike 3.8. Nusu dakika. Nilitegemea karibu lita 1.8. Ilitoka 0.6. Injini hii ikivuta kwa nguvu zote inahitaji kama lita 90 kwa saa, yaani 0.75 kwa nusu dakika. Haitoshi. Na umeme sasa ni mzuri.

Tukanyanyua kiti cha nyuma na kufungua tangi. Hapa nataka kukumbuka kila kitu.

Pampu iko upande wa kulia. Mpira unaotoka pampu kwenda kwenye mfuniko una urefu wa kidole, na ndio umebeba presha yote. Aliyefunga aliweka mpira wa kawaida wa mafuta, ule wa mitaani. Mpira ule umetengenezwa kustahimili petroli kwa ndani tu. Ukiuzamisha, gamba la nje linanyonya. Ulikuwa umevimba na kulainika kama mkate uliotiwa chai. Nilipoubonyeza kidole changu kiliacha shimo. Kando ya klampu umepasuka kwa urefu, mpasuko unaofunga presha ikiwa ndogo na kufunguka presha ikizidi. Ndio maana kwenye sailensi na mjini haukuonekana. Mafuta yalikuwa yanapanda kutoka pampu na kumwagikia tangini pale pale. Mpira wa kuzamishwa umeandikwa SAE J30R10 ubavuni na bei yake inawatisha watu.

Tangi lenyewe lina umbo la tandiko. Shafti ya magurudumu ya nyuma inapita chini katikati, kwa hiyo kuna chumba cha kulia na cha kushoto, na pampu iko kulia tu. Mafuta yanayorudi kutoka injini yanapitishwa kwenye tundu jembamba, na kasi yake ndiyo inayonyonya mafuta ya kushoto na kuyavusha. Mpira wa kuvushia tulioukuta unaning'inia, haujachomekwa. Kushoto kumejaa. Kulia pampu ilikuwa imebakiwa na kina cha vidole viwili. Geji ya dashibodi inajumlisha vyumba vyote viwili, kwa hiyo ilikuwa inasoma nusu tangi. Kwenye mlima, au kona ndefu, mafuta machache ya kulia yanakimbia pembeni na pampu inavuta hewa.

Mpira wa J30R10 nilikuwa nao kipande kimoja, nimekiweka. Mpira wa kuvushia umechomekwa na kubanwa. Nusu dakika nyingine: lita 1.8.

Pampu ni nzima. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.


Jumamosi, 15 Juni

Mto wa Mbu tena alfajiri, safari hii na mwenye gari kiti cha nyuma, mkanda amefunga. Nilitaka asikie namba zinavyosomwa.

Gia ya tatu kutoka mizunguko 3,000. Binti: 3.8, 3.8, 3.8. Nimefika 6,000 na sindano haijahama. Mchanganyiko 11.6 hadi 11.8 njia nzima, hakuna kugonga kwenye rekodi. Tumepanda, tumegeuza, tumepanda tena na tangi likiwa robo, kwa makusudi, kwenye kona zile zile. Haikukohoa. Nilipotazama kwenye kioo kijana alikuwa anacheka peke yake, na mimi nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Nilikuwa kijana Colin McRae alipoishindia Impreza Safari Rally mwaka 1997, na rangi hii ya bluu bado inanisisimua ikivuta vizuri.

Tulipopumzika juu kwenye mtazamo wa Ziwa Manyara nimemwonyesha rekodi ya nozeli. Kwa mizunguko 6,000 kila silinda ina milisekunde 20 kwa duru nzima, na nozeli zimekaa wazi 14. Asilimia 70. Zile za zamani za 440 kwa kazi hii hii zingefika karibu 85, na hapo ndipo mimi huona mwisho wa usalama. Kwa hiyo kununua kubwa alinunua kwa haki. Alisema wote walimcheka kwa kununua. Sikuona cha kucheka.

Asubuhi ya leo kulikuwa na baridi kali na gari lilichukua muda kuwaka. Mafuta ya kuwashia injini baridi nayo yalikuwa yamepunguzwa kwa kubahatisha, nadhani ili kuficha ule ulowevu wa mwanzo. Nimeyarudisha nusu ya njia. Ataliacha hapa mpaka Jumatatu ili nijaribu kuliwasha alfajiri mbili likiwa limelala nje.

Nimemwandikia karatasi ya kuweka garini: reli 3.0 bila vakyumu, 2.5 na vakyumu kwa Arusha, 3.8 tabo ikiwa 0.8, volti 13.5 kwenye pampu, lita 1.8 kwa nusu dakika. Fundi mwingine yeyote akiligusa, aanze na hizo. Skrubu ya regyuleta nimeipaka rangi nyeupe ili ikizungushwa ijulikane.

Na filta: ule mpira uliovimba umekuwa ukiachia vipande vyeusi, vingine nimeviona kwenye chujio la pampu. Vilivyopita viko kwenye filta mpya. Arudi baada ya kilomita 1,000 tuikate tuangalie ndani. Binti ameagiza Nairobi mita mbili za J30R10 ziwe dukani, na amezitengea droo yake mbali na mipira mingine.